Dumbak Yangu Kwenye Mapaja ya Mwengine

Chama chetu cha taarabu kilikuwa na waimbaji, kina vigoma, kina maneno ya kuchoma watu, na wivu kinao wa kutosha. Kilichokuwa hakina ni picha. Mahasimu wetu wa mtaa wa pili wao walikwishapiga, na picha yao ikitembea kuliko wao wenyewe. Mmoja wao huitia chini ya buibui, akenda kwenye nyumba yenye harusi inayokuja, hodi hodi, akakaribishwa, akanywa kahawa, akauliza hali za watoto, hata akitaka kuondoka ndipo anapojishika kifuani: "Aa! Mbona kuna kitu kinanchoma huku? Kumbe nmetoka na picha yetu! Basi hebu itazameni, maadamu nshaitoa." Na sauti yenyewe ya puani, kama mtu mwenye mafua ya maringo. Mama wa bibi harusi akiitazama, akiwaona wanawake wamepangwa kama vikombe vya kabatini, basi kesha. Anawaita wao.

Mkuu wa chama chetu alikuwa mwanamke wa kifua kipana, ukimsikia utadhani anaamrisha askari. Akatwita sote nyumbani kwake, Ng'ambo. "Sikilizeni nyinyi! Kwa kuimba tunawashinda wale. Lakini watu siku hizi hawana masikio, wana macho. Tutapiga picha. Na asije mtu na gauni lake la kuendea sokoni!"

Ikashonwa sare. Atlasi ya rangi ya waridi, mikono mirefu, shingoni utepe. Langu nlilijaribu mbele ya kioo cha mama mdogo mpaka mama mdogo akanambia, "Litachakaa kwa kutazamwa." Mie nlikuwa mpiga dumbak, kile kingoma cha kiuno chembamba kinachokaa pajani. Ukikipiga vizuri, hata mwimbaji mbovu anapata pa kukanyagia. Na kwenye picha mpiga dumbak hukaa mbele, kati kati, chini ya mwimbaji. Hapo ndipo pangu. Mkuu mwenyewe alishasema.

Nseme na kwa nini nlipataka hivyo. Nlikuwa nakaa chumba kimoja katika nyumba ya mama mdogo wangu. Mume nnaye na mume sina. Baharia wa meli. Alinioa, akakaa nami kidogo, akapanda meli, kwaheri. Talaka hakunipa, cha kula hakuleta. Salamu zilikuja moja moja kwa midomo ya watu: "Mumeo tumemuona Durbani, kanenepa!" Kanenepa! Basi mtaani mie sikuwa mke, sikuwa mjane, sikuwa mtalaka. Nkikaa na wake za watu wanazungumza waume zao, mie nanyamaza. Nkikaa na wasichana, wananipisha kwenye jamvi kama mkwe wao. Chamani ndiko nlikokuwa mtu. Nikimwigiza mkuu, nikimwigiza muuza samaki, nikimwigiza mke wa jirani anavyopiga chafya kwa adabu, wakicheka mpaka wanashikilia ukuta. Kisha jua linakuchwa, kila mmoja anakwenda kwake kwa mumewe na wanawe, nami narudi chumbani. Huko nshawahi kumwigiza mtu na kumjibu mwenyewe.

Wiki ile ile ya picha, Iddi Kubwa imeshapita, akaja baharia mwenzake mume wangu. Kasimama mlangoni, kofia mkononi, maneno anayatoa kama mtu anayechambua miba kwenye samaki. "Bi... shikeni moyo. Mwenzetu... mwenzetu yuko mbele ya haki. Tangu Rajabu. Homa. Tulimzika huko huko bandarini... meli ikang'oa nanga."

Mama mdogo akapiga yowe, mtaa mzima ukaja. Hilo neno Rajabu nlilisikia, nakwambieni nlilisikia. Lakini mie sikusoma. Chuo cha Kurani nlitolewa mapema kwenda kulea wadogo zangu. Sikujua kama Rajabu ina kazi yoyote. Hata magharibi haijafika nshavishwa nguo nyeupe, nshafutwa wanja, nshawekwa kizuka. Kizuka ni mjane aliyemo ndani ya eda: hatoki mlangoni, hajipambi, haonani na wanaume, mpaka miezi minne na siku kumi ishe.

Nlilia. Wale wanawake wakasema, "Masikini, alikuwa akimpenda." Uso wake nlikuwa nshaanza kuusahau, nkikumbuka zaidi kisogo. Nlilia kwa kuwa picha ilikuwa Alkhamisi.

Mkuu wa chama akaja kunihani. Akaketi, akavuta pumzi, akanipapasa mgongo. "Mwanangu, Mungu akupe subira. Sote njia yetu moja." Akajipangusa uso kwa viganja, kama dua inavyotaka. Kisha, "Gauni lako liko wapi?"

"Sandukuni," nkamwambia.

"Tungekungoja. Wallahi tungekungoja! Lakini wale washakamata harusi zote za mjini. Tukingoja eda yako itwishie, tutakuja kuwapigia paka. Na pahala pako siwezi kupaacha patupu, picha itakuwa kibogoyo. Sasa, kuna bintiamu wangu huyu, mtoto wa ami yangu, kaja juzi kutoka Pemba. Mzuri. Ana shingo. Atashika dumbak."

"Anajua kupiga?"

"Atashika tu."

"Atashika tu?"

"Picha haina sauti, mwanangu."

Nkalitoa gauni. Nkaitoa na dumbak, nkaifuta vumbi ambalo haikuwa nalo. Alkhamisi ile wakapita chini ya dirisha langu kwenda mjini, wamejifunika mabuibui, lakini mie nliwajua kila mmoja kwa viatu vyake, na vicheko nlivijua. Wakishapita, nkasikia jirani anatwanga, na mama mdogo anakoroma. Hakuna tena.

Waliporudi, kila mmoja alikuja kunisimulia, nami nkaviunga vipande mpaka nkaiona studio kama nlikuwamo. Mpiga picha alikuwa Mgoa mmoja mzee, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Ukutani kaweka pazia lililochorwa ngazi na maua, ngazi za jumba la kifalme, zinapanda hazifiki popote. Wanawake wakavua mabuibui, wakaanza kusukumana kwa viwiko, kila mmoja ataka mbele. Mgoa anazunguka, anapiga makofi: "Mama kubwa, kaa hapa! Wewe refu, enda nyuma! Hapana cheka! Cheka kidogo! Meno hapana! Meno hapana!" Kisha akajitia kwenye lile shuka lake jeusi nyuma ya mashine, kabaki miguu tu. Mwimbaji wetu akasema, "Loo, jamani, na huyu naye kakaa eda!" Wakaangua kicheko, picha ya kwanza ikaharibika.

Na yule bintiamu? "Wewe ya ngoma, weka mkono, kama napiga." Akauweka mkono kwenye ngozi kama mtu anayembembeleza paka. Mgoa akafurahi kupita kiasi. "Hapo hapo! Zuri! Zuri sana!"

Picha yenyewe mkuu alinletea kwa mkono wake. Kwenye karatasi nene, ina kingo. Waridi yote tuliyoishindania dukani imekuwa kijivu. Nkaliona gauni langu, mikono yake inamfika vidoleni maana mie ni mkubwa kuliko yeye. Nkaiona dumbak yangu, hata kovu lake la ubavuni. Juu yao kichwa cha mtu mwengine.

"Si mzuri?" mkuu akauliza.

"Mzuri, mashallah," nkasema. Na kweli alikuwa mzuri, macho kama anataka kukuuliza kitu. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu.

Picha ikatoka kutembea. Ilifika Vuga, ikafika Malindi huko mjini, ikapelekwa shamba mpaka Makunduchi imefungwa ndani ya khanga. Kila aliyenitembelea alikuwa na habari zake: imeingia nyumba fulani, wamewaita, imeingia nyumba fulani, wamewaita. "Wote wanauliza, yule mtoto wa dumbak ni nani?" Wanakaa kidogo, wanaacha harufu ya asumini, wanaondoka. Kwenye harusi zenyewe walikuwa wakimwazima mpiga wa chama cha Bububu, kwa siri, anakaa nyuma. Nami ndani humo nkaanza kupiga ukuta kwa ncha za vidole, taratibu, nisije nkasahau. Mama mdogo anashtuka usingizini: "Nani huyo anabisha?" Namwambia, "Hakuna mtu." Analala. Napiga tena. "Mwanangu, si kuna mtu anabisha?" "Hakuna mtu, mama."

Eda ikesha. Mama mdogo akafanya hitima ndogo, wanaume ukumbini, sie wanawake nyuma ya pazia. Yule baharia alikuwa karudi na meli yake, akaalikwa. Mwalimu wa chuo cha mtaani kwetu, mzee aliyekuwa akizungumza kama anakula tende, hapitishi neno bila kulimung'unya, akauliza, "Na marehemu, amefariki... lini, tumtaje?"

"Rajabu," baharia akajibu. "Ile Rajabu iliyopita."

"Rajabu," mwalimu akarudia. "Na habari... mulileta lini?"

"Baada ya Iddi Kubwa, mwalimu."

Nkasikia tasbihi ya mwalimu inatembea. "Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfunguo Mosi... La haula! Na huyu bibi mumemkalisha eda ya nini? Eda huhesabiwa tangu mtu anapokufa, si tangu habari inapofika. Siku ile munamwambia, yeye eda yake ilikuwa imeshakwisha. Kwa nini hamkuja kuniuliza?"

Mama mdogo akafunika mdomo kwa khanga. Wanawake wote wakanigeukia. Mie nkaanza kucheka. Nlicheka, nkashindwa kujizuia, machozi yakashuka, na mmoja akasema, "Mwacheni, mwacheni alie." Alkhamisi ile ilikuwa halali yangu. Ningevaa gauni langu, ningevuka Darajani na wenzangu, ningekaa mbele kati kati, na Mgoa angenambia meno hapana.

Kesho yake nkenda kwa mkuu. Sikuzunguka. Nkamwambia maneno ya mwalimu, nkamwambia picha ile si ya haki, ipigwe nyengine.

Akanitazama kwa huruma. Hilo ndilo lililonitisha, maana hakuwa na desturi nayo. "Mwanangu, mwalimu kasema kweli, na Mungu akulipe thawabu zako. Lakini picha iko kwenye nyumba za watu. Ntazunguka niikusanye? Niwaambie yule si yeye? Wale wa mtaa wa pili watatuimba mpaka kiyama! Watu washamjua mpiga dumbak wetu. Wanamtaka huyo."

"Lakini hajui kupiga."

"Ndio nakutaka wewe. Utakaa nyuma. Yeye atakaa mbele kama pichani, wewe utapiga nyuma. Yule wa Bububu simtaki, anapiga kama anafukuza kuku. Wewe ndiye wetu."

Wewe ndiye wetu. Neno hilo nlikuwa nalitamani miezi yote ile, na lilipokuja likaja limevaa nguo hizo. Nkakubali.

Harusi ya kwanza ilikuwa alasiri, kwenye nyumba ya ghorofa huko mjini, ua umejaa wanawake mpaka kwenye ngazi. Bintiamu kakaa mbele na dumbak yangu pajani, ngozi wameilowesha maji isitoe sauti. Mie nmekaa nyuma ya wapiga tari wawili wanene, dumbak ya kuazima nmeifunika khanga, napiga bila kumuona mwimbaji, namfuata kwa pumzi yake tu. Wanawake wakipanda kutunza, wakimwendea bintiamu. Wakimfuta jasho kwa leso, na jasho lenyewe hana, masikini, atatokwa jasho kwa kazi gani? "Mashallah mkono! Mashallah vidole!" Kila wakimsifu, anageuka kidogo kutazama nyuma, ananitafuta.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, nkasikia hodi. Nkamtazama mama mdogo, nkidhani ni mgeni wake. Ni bintiamu, na kikapu cha visheti. Alikuwa na ile sauti ya Kipemba laini, kila neno kama analiweka juu ya mto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepotea?"

"Sikupotea, dada. Nmekuja kwako." Akainamia kikapu. "Mie naona haya. Watu wananifuta jasho lako. Nifundishe."

Basi hapo nkasimama mlangoni, yeye nje na mie ndani. Sikuwa mjinga. Siku atakayojua kupiga, wa nyuma hahitajiki tena. Ningemwambia kichwa chaniuma, angekwenda zake, nami ningebaki na pahala pangu nyuma ya wale wanene, na khanga yangu juu. Lakini tangu nmeingia nyumba ile, wa kuja mlangoni akasema "nmekuja kwako" nlikuwa simkumbuki.

"Vua viatu," nkamwambia. "Ingia."

Akawa anakuja kila alasiri. Kiganja chake mwanzo kilikuwa mkate wa kumimina, kinaanguka pwaa na kutulia. Nkamshika mkono nkamwonesha: kitako cha kiganja, kisha vidole, kisha wacha kidole cha pete kichelewe kidogo, kama mtu anayesita kabla hajapiga hodi kwa mkwewe. Hilo la kuchelewa lilikuwa langu, hakuna aliyenipa. Akikosea namwigiza Mgoa, "Mama ya ngoma, paka hapana!" na yeye anacheka mpaka visheti vinampalia. Mama mdogo naye anaamka, anacheka bila ya kujua anacheka nini. Alinsimulia kwao, na mama yake, na jinsi alivyoogopa kupanda ile boti. Hakuwa na shoga mjini. Watu walikuwa wakiitazama sura yake tu, hakuna aliyemuuliza kitu.

Na mkono ukaamka. Niliusikia siku ulipoamka, nkamwambia, "Bado. Kiganja bado kimelala." Akarudi kesho yake. "Bado." Akarudi tena. Nkenda naye hivyo mpaka siku moja mama mdogo, kutoka kule kule kwenye usingizi wake, akasema, "Leo unapiga vizuri, mwanangu." Na aliyekuwa akipiga si mie.

Hakuna aliyenifukuza. Mkuu kaja na khanga mpya ya zawadi, sauti kaipunguza: "Safari hii upumzishe mgongo wako, mwanangu. Bintiamu anaweza mwenyewe." Upumzike! Nlikuwa na mgongo wa kubebea magunia ya karafuu. Safari ya pili pia nipumzike. Ya tatu hakuja mtu kuniambia nipumzike, walipita tu, nkasikia viatu. Bintiamu aliendelea kuja, kisha siku moja moja, kisha harusi zikamjaa, na mtu mwenye harusi kila wiki ataweza wapi kukaa kwenye chumba cha watu akila visheti?

Mwaka ule ule nkaalikwa harusi moja Malindi, mimi na mama mdogo, kama majirani wa zamani. Nkavaa buibui langu nkenda, nkakaa karibu na mlango, mgongo ukutani. Chama chetu kiko juu ya jukwaa, sare mpya ya kijani. Bintiamu mbele, kati kati. Wakaanza. Nkasikia kitako cha kiganja, nkasikia vidole, nkasikia kile kidole cha pete kinachelewa, kinasita, kinapiga.

Pembeni yangu kuna bibi mmoja wa mjini, bangili mpaka kiwikoni, akaniinamia na pumzi za iliki. "Unamuona yule?"

"Nnamuona."

"Ndiye yule wa kwenye picha! Mjukuu wangu alisema bila ya yule haolewi."

"Anapiga vizuri," nkasema. "Kafundishwa na nani?"

"Yule?" Akanitazama kama nmeuliza nani kaifundisha mvua. "Yule hakufundishwa, bibi. Atafundishwa na nani yule? Mkono ule mtu huzaliwa nao."

Pale juu bintiamu akainua macho, akaniona. Mkono ukapotea pigo moja. Nkamtikisia kichwa kidogo, endelea, kama nlivyokuwa nikimfanyia chumbani, akaendelea.

"Umeona?" bibi akaniambia, anatikisa bangili zake. "Hata akikosea anakosea kwa madaha!" Kisha akavuta sahani, akanisogezea. "Mbona huli? Chukua sambusa. Wewe wa upande gani, wa bwana harusi au wa bibi harusi?"

Nkamwambia wa bibi harusi, nkachukua sambusa moja.